Kufundisha kompyuta watoto wasioona: ni kazi ya maisha au najidanganya?

Binti wa Kiboriloni

Habari zenu wakuu, shikamoo kwa walionizidi umri. Uzi ni mrefu kidogo mnivumilie.

Mi niko Moshi, nna diploma ya IT nilisomea Arusha, nimemaliza miaka miwili iliyopita na saivi nipo kwenye steshenari moja hapa mjini, nachapa barua, napiga kopi, nawajazia watu fomu za ajira na za mkopo wa chuo, siku zinaenda. Sa mwaka jana mteja wangu mmoja ambaye ni mwalimu akaniomba niwe naenda Jumamosi shuleni kwao kuwashika mkono watoto kwenye kompyuta, nikakubali bila kuuliza maswali mengi, nafika ndo nakuta nusu ya darasa hawaoni.

Nilichanganyikiwa jamani. Sentensi yangu ya kwanza ilikua "haya wote tuangalie hapa juu kulia", yani nimeisema kwa sauti kubwa kabisa, kimya, afu kasichana ka darasa la sita kakajibu taratibu "sisi tunasikiliza mwalimu, we angalia tu". Wakacheka wote na mi nikacheka ila moyoni nlitamani ardhi ipasuke.

Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta, nikakutana na NVDA ile programu ya bure inayosoma kilichopo kwenye skrini, nikaibeba kwenye flashi nikaiweka kwenye mashine zao nne zinazowaka. Nikajifunza kutumia kibodi bila mausi, usiku nafunika skrini na khanga ili nisichungulie. Nikawaonesha vile vinundu viwili kwenye herufi F na J, sisi tunaoona tunavipita kila siku hata hatujui kazi yake, wale watoto walivipata kabla sijamaliza sentensi maana vidole vyao vimeshazoea nukta nundu. Siku mtoto wa kwanza alipoandika jina lake likasomwa, likasomwa kama mzungu aliyeshuka KIA jana yake, darasa zima lilikufa kwa kicheko.

Wiki iliyofuata nikasema leo tunaanza kukodi. Mmoja akauliza "tunakodi nini mwalimu, bodaboda?" Tangu hapo darasa letu linaitwa la bodaboda.

Sa ishu yenyewe ni hii. Kuna kampuni ya utalii Arusha imeniita nikae kwenye tovuti yao, hela si mbaya, mara mbili na ushee ya hii ya steshenari. Baba mdogo anasema niende bila kugeuka, hao watoto ni sadaka na sadaka haina pensheni. Mi kichwani kwangu najiona nataka hii ya kufundisha ndo iwe fani yangu kabisa, nisome zaidi, nitengeneze hata programu za kufundishia. Ila sijawahi kuona mtu aliyeishi kwa kazi hiyo. Kuna mtu kaifanya ikawa kazi, sio ya kujitolea? Anasomea nini? Na wanaoanza kuandika programu bila kuona wanaanza na lugha gani, maana Scratch nimejaribu imenishinda, ni kuburuta vibloku kwa mausi mwanzo mwisho.

Chalii wa Sakina

Dada yangu pokea kazi ya utalii, afu soma mambo ya usalama wa mitandao huko ndo hela iliko. Watoto utawasaidia ukishakua na gari. Na nikuulize kitu kimoja kwa nia njema, mtu haoni anaandikaje programu? Mi naona na bado nakosa nukta mkato nakesha nayo.

Mzee wa Tengeru

Marahaba binti. Mimi nimefundisha vyuoni kwa muda mrefu, sasa nimestaafu, nina kahawa, migomba na muda wa kusoma nyuzi za vijana. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani.

Umeuliza kama kuna mtu aliyeifanya ikawa kazi. Wapo wengi kidogo siku hizi, ila nataka nikueleze mmoja kwa urefu maana njia yake haikunyooka, na hapo ndipo penye faida kwako. Anaitwa Richard Ladner, Mmarekani, wa Chuo Kikuu cha Washington pale Seattle. Wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi na wote wawili walikuwa walimu katika shule ya viziwi California. Kwa hiyo kijana kakua kwenye nyumba ambayo kiziwi ni mtu mwenye digrii, anayeamka asubuhi na kwenda kazini na kurudi na mshahara. Tafadhali lishike hilo.

Lakini hakwenda kusomea mambo ya viziwi. Alisoma hisabati, akapata shahada ya uzamivu Berkeley mwaka 1971, akaajiriwa Seattle mwaka huohuo, na mwaka 1975 akatoa kanuni ambayo hadi leo inabeba jina lake na kila mwanafunzi wa nadharia ya kompyuta duniani anaikuta. Nitajaribu kuieleza kwa jiografia yetu. Kuna maswali mepesi, kompyuta inayamaliza upesi. Kuna mengine ambayo ukipewa jibu unalihakiki upesi, ila kulitafuta mwenyewe inaonekana kama utazeeka. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kama makundi hayo mawili kweli ni tofauti. Ladner akasema: kama ni tofauti, basi lazima kuna maswali ya katikati, si mepesi wala si magumu kupita yote. Yaani kama Moshi na Arusha si mji mmoja, basi Boma Ng'ombe ipo, hata kama hujawahi kushuka pale. Na akathibitisha.

Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa kwenye nadharia hadi anastaafu na asingeulizwa na yeyote. Polepole akaanza kuvutwa na mambo ya nyumbani kwao: vifaa vya mawasiliano vya watu wasioona na wasiosikia kwa pamoja, halafu miaka ya 2000 akahamia huko mzima mzima. Kundi lake likatafuta namna ya kubana video ili viziwi waweze kuongea kwa lugha ya alama kwenye simu za mkononi zenye mtandao mdogo, kipindi hicho mtandao ulikuwa mdogo kweli. Wakashughulikia michoro ya vitabu vya hisabati na sayansi iweze kugeuzwa ya kupapasa. Mwanafunzi wake Jeffrey Bigham mwaka 2008 akatoa WebAnywhere, kisoma skrini kinachokaa ndani ya tovuti, unakwenda kwenye kompyuta yoyote ya maktaba au kafe bila kuomba ruhusa ya kusakinisha kitu. Wewe unayetembea na flashi utaelewa uzito wake haraka kuliko maprofesa. Bigham naye akawa profesa, Carnegie Mellon.

Mwaka 2006 Ladner na mwenzake Sheryl Burgstahler wakaanzisha AccessComputing, mradi wa kuwaingiza wanafunzi wenye ulemavu kwenye fani ya kompyuta na kuwabakiza humo, kwa fedha za mfuko wa taifa wa sayansi wa kule. Baadaye, akiwa na Andreas Stefik wa Nevada, wakaja na AccessCSforAll, huo unaandaa walimu wa shule, ndio hasa unaokuhusu wewe. Amestaafu rasmi ila jina lake bado linaonekana kwenye machapisho, wazee wengine hatujui kukaa na kahawa tu.

Sasa baba yako mdogo. Mheshimu, ila kuna mahali amepotea. Ladner alisikilizwa alipoongea juu ya viziwi na wasioona kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia hajui kompyuta. Kwa hiyo usikimbilie wema ukaacha fani. Diploma yako igeuze digrii. Ukifika masta, Nelson Mandela iko hapahapa Tengeru na ina sayansi ya kompyuta na mawasiliano hadi uzamivu, na Chuo cha Ualimu Patandi kinachoandaa walimu wa elimu maalumu kiko hapahapa pia. Kati ya mageti hayo mawili bodaboda hawezi kukutoza nauli ya kutisha. Anza kunywa chai pande zote mbili.

Sauti ya Kibodi

Nimeusikiliza uzi wote. Nimesema nimeusikiliza, chalii wa Sakina nadhani umenielewa 😀

Mi siioni skrini hata kidogo. Presha ya macho, ilianza nikiwa darasa la tano, kidato cha pili ikamaliza. Naishi Kijenge, naandika programu kwa kuajiriwa mwaka wa nne sasa, mfumo wa nyuma wa tovuti, Python na hifadhidata. Nukta mkato inayokukesha mi naisikia, kisoma skrini kikifika kwenye alama kinaitaja, we macho yako yanairuka maana yamezoea kuiona. Kila mtu na ulemavu wake mzee.

Mzee wa Tengeru shikamoo, umeeleza vizuri na hiyo ya Boma Ng'ombe nimeihifadhi. Ila ukisimulia hivo mtu anaweza akadhani kazi hii inafanywa na wenye macho na masikio yao kamili kwa ajili yetu. Binti hiyo NVDA uliyoibeba kwenye flashi imeanzishwa 2006 na Michael Curran, akaungana na James Teh, Waaustralia, wote wawili hawaoni, walijuana wakiwa watoto kwenye kambi ya muziki ya wasioona. Walichoka kuona mtu asiyeona inabidi anunue kisoma skrini kwa bei inayozidi ya kompyuta yenyewe. T.V. Raman, Mhindi, alipoteza kuona akiwa na miaka 14, presha ya macho kama mimi, akaenda Cornell na uzamivu wake wa 1994 ulikua programu inayosoma hisabati kwa sauti, sio kusoma tu alama kwa alama, inabadilisha sauti ili masikio yajue hii iko juu ya mstari wa sehemu na hii iko chini, afu akaandika Emacspeak, programu ya kufanyia kazi kwenye kompyuta kwa kusikiliza, na yuko Google tangu 2005. Chieko Asakawa, Mjapani, naye miaka 14, aliumia kwenye bwawa la kuogelea, akaingia IBM 1985, na 1997 wakatoa kisoma tovuti chake ambacho kwa wasioona wengi ndo ulikua mlango wa kwanza wa intaneti. Sa hivi anaongoza makumbusho ya sayansi kule Tokyo.

Kwa hiyo kama unataka hii fani, swali usiliulize tu we utasomea nini. Hako kasichana kalikokujibu "we angalia tu", kenyewe katasomea nini? Maana mi nlivyokua sekondari tusioona tulikua tunaruka hisabati. Kipindi cha hesabu kikifika tunakaa nje chini ya mti, tunapiga stori, kila mtu anaona tumeonewa huruma. Huruma ile nimeilipa kwa miaka miwili ya kujifundisha aljebra mwenyewe nikiwa mtu mzima usiku na hedifoni. Mwalimu wa kompyuta asiyepigania hesabu kwa hao watoto anawaandaa wawe watu wa kuchapa barua, samahani sikulengi we wa steshenari.

Kuhusu lugha. Scratch achana nayo kwa wasioona, hujashindwa we, ilijengwa kwa macho na kipanya. Kuna kitu kinaitwa Quorum, kaanzisha huyohuyo Stefik aliyetajwa hapo juu, kwa ajili ya wanafunzi wasioona kwanza na baadae ikaonekana inawafaa na wanaoona. Jamaa alifanya kitu ambacho watu wa lugha za programu huwa hawafanyi, alikwenda kupima. 2011 walitoa jaribio la watu wasiowahi kuandika programu, kundi moja Quorum, lingine Perl, lingine lugha waliyoiita Randomo ambayo alama zake zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Wa Perl hawakuonesha tofauti ya maana na wale wa bahati nasibu, wa Quorum walifanya vizuri zaidi. Nlicheka siku nzima. Yani kuna lugha watu wanapigania kama Simba na Yanga na kumbe kwa anayeanza ni sawa na kurusha kete.

Iangalie, au isikilize:

repeat 5 times
output "Bodaboda"
end

Hamna mabano ya mawimbi, hamna nafasi za kuhesabu, kitu kinaanza kwa neno na kinaisha kwa "end". Kisoma skrini kinaisoma kama sentensi. Sa chukua Python, mstari uko ndani ya lupu, yani zile amri za kurudiwa, au nje inategemea nafasi tupu mwanzoni, na nafasi tupu haina sauti. Kazi yangu ya kwanza ya Python nlikua na mstari mmoja umetoka nje ya lupu kwa nafasi moja, programu inakubali kabisa, majibu sio. Siku mbili. Nikamwita jirani anayeona akanionesha kwa sekunde kumi na akaondoka akijiona fundi. Baadae ndo nikagundua NVDA ina sehemu kwenye mipangilio ya uandishi wa nyaraka, unaiambia itaje ujongezo wa mstari kwa milio, basi mstari ukiingia ndani mlio unapanda juu, ukitoka unashuka. Saivi nasikia muundo wa programu kama ngazi za muziki. Waanzishe Quorum, wakubwa wakikomaa wapeleke Python ukiwa umewasha hiyo milio.

Afu bonyeza Control na kitufe cha NVDA, yani Insert, na V, nenda kwenye sauti uchague Kiswahili, eSpeak inayo. Sauti ni ya kibati kweli ila jina la mtoto litasomwa kama mama yake anavyoliita. Na wewe mwenyewe washa kile kidirisha cha kuonesha maneno kinachosoma, kiko kwenye zana, hapo utaona mtoto anasikia nini bila kumvua hedifoni.

Chalii wa Sakina

Kaka Sauti nimeelewa, nimenywea. Swali la ukweli sasa, kazi ulipataje? Maana wanaoona wenyewe tumejaa mtaani.

Sauti ya Kibodi

Kwa tabu chalii angu. Usaili wa kwanza niliitwa kampuni moja siitaji, walipenda CV, nimeingia na fimbo nyeupe ukimya ukaingia na mimi. Wakanipa laptopu yao nifanye jaribio, haina kisoma skrini, nikasema nina flashi, wakasema sera ya usalama hairuhusu flashi. Basi jaribio langu likawa kukaa mbele ya kitu kisichoongea kwa saa moja. Walinishukuru sana kwa kufika.

Ya sasa nlipata kwa mlango wa nyuma, nlikua nawasumbua kwa meseji kwamba app yao nikiigusa kwenye simu inasema "kitufe, kitufe, kitufe" hamna jina hata moja, mwisho bosi akaniita akasema njoo uonyeshe. Nimeonyesha, wakanilipa kwa siku tatu, zikawa wiki, zikawa mkataba. Kupima tovuti na app kama mtu asiyeona anaweza kuzitumia ni kazi inayolipwa, sisemi inalipa kila mtu, ila ipo, na ile Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ukiwa nayo mkononi kwenye kikao watu wanakaa vizuri kidogo.

Na binti hiyo kazi ya utalii mi naona uichukue. Fungua tovuti yao kwa NVDA kwanza uone. Nakuhakikishia picha zote za mlima zinasomwa "IMG" na namba, maana hakuna aliyeziandikia maelezo. Wakikuambia wasioona hawapandi mlima waambie Erik Weihenmayer, Mmarekani haoni kabisa, alipanda Kilimanjaro 1997 na 2001 akafika Everest. Mteja kama huyo anafungua tovuti, anasikia IMG elfu mbili na arobaini, anaenda kwa jirani.

Mwalimu wa Pasua

Nachelewa kuingia, mitihani ya kati ya muhula. Mimi nimesoma elimu maalumu na nipo darasani mwaka wa kumi na mbili, huyo dada anayenisumbua kwa simu kila wiki akiuliza bei ya mashine ya nukta nundu nadhani ndio huyu mwenye uzi 😅

Nitaongea la darasani tu, ya vyuo na ajira mmeyamaliza.

Mwanangu, kabla ya kompyuta tafuta trei ya mayai. Ile ya mayai thelathini. Kuna mtu kwenye vipindi vyangu hakuelewa safu na mistari kwa mwaka mzima, niliposema "mstari wa pili safu ya nne" alikuwa anasikia maneno tu. Nikampa trei na punje za mahindi. Weka punje mstari wa pili shimo la nne. Sasa hamisha. Sasa kila shimo la mstari wa tatu weka mbili. Hiyo si ndiyo lupu yenu? Na bao tunalo, mashimo nane nane na kete, mtoto anayejua kulicheza anajua tayari kutembea shimo kwa shimo akiacha moja moja na akifika pa kusimama anaamua aendelee au alale. Wanaoona nao wanakimbilia trei, nikiwatenganisha wananuna.

Kule nje wana vifaa vya namna hiyo vya kisasa, kuna Code Jumper iliyobuniwa na watafiti wa Microsoft kule Cambridge, vikopo vya plastiki mtoto anaviunganisha kwa waya, kila kikopo ni amri moja na programu inatoka kama wimbo au hadithi, tangu 2019 inatolewa na shirika la uchapaji la wasioona Marekani. Nzuri mno, ila ukishaweka nauli na ushuru trei ya mayai inarudi kuwa nzuri pia.

La pili, tafadhali usiwaache nukta nundu kwa sababu kompyuta inaongea. Mtoto anayesikiliza tu hajui "hakuna" ni neno moja au mawili. Nimeona insha. Wa nukta nundu anaandika vizuri na programu anaandika vizuri, maana programu ni tahajia mwanzo mwisho.

La tatu ni la uchungu kidogo. Usiwazoeze kukuita kila wakikwama. Wewe una huruma, nimekuona, mtoto akinyamaza sekunde tano umeshashika kibodi. Kaa juu ya mikono yako.

Chalii wa Sakina

Mwalimu hiyo ya kukaa juu ya mikono hata kwangu inahusu, nikifundisha mdogo wangu namnyang'anya laptopu.

Binti wa Kiboriloni

Jamani nimerudi, samahani kwa kimya, nlikua nahama hama.

Mwalimu shikamoo, ndo mimi, nimekamatika 🙈

Nimechukua kazi ya utalii ila niliongea nao kabla ya kusaini, nikawaambia Jumamosi sipatikani hata mlima ukihama. Wakakubali kwa shingo upande. Jumatatu hadi Ijumaa Arusha nimepanga kwa rafiki Ngarenaro, Ijumaa jioni napanda hiace narudi Moshi. Baba mdogo kafurahi na mshahara, la Jumamosi amesema "tutaona". Siku ya tatu kazini nikafungua tovuti kwa NVDA mbele ya bosi bila kumwambia nafanya nini. IMG, IMG, IMG. Afu fomu ya kuweka nafasi ikasema "hariri, hariri, hariri" sijui hapa ni jina au ni tarehe. Akauliza hiyo sauti inasomaje hivo, nikamwambia ndivo tovuti yako inavosikika. Nimepewa wiki mbili nirekebishe. Sauti ya Kibodi nitakutafuta uje upime, nimewaambia mpimaji analipwa.

Mzee wa Tengeru, nimechukua fomu ya digrii, jioni, nitaona mwezi wa kumi. Nimesoma pia kuhusu huyo Ladner wako, yani kilichonikaa ni wazazi. Kwamba aliona kwanza kiziwi mwalimu afu ndo akakutana na dunia inayosema kiziwi hawezi. Mi niliyaona kinyume, nliona kwanza mtu asiyeona anaomba pale stendi, afu ndo nikakutana na kale kasichana.

Na kenyewe ndo kanafanya niandike leo. Jumamosi iliyopita tulikua na trei nne za mayai nimebeba toka kwa muuza chips, tukacheza mpaka wakachoka, afu tukaingia Quorum. Nikawasomea ile repeat, nikakaa juu ya mikono yangu kweli, dakika kumi na moja nimehesabu, inauma. Kamoja kalikosea "output" mara tatu, kanarudi herufi kwa herufi kwa mshale kanasikiliza, ya nne ikakubali. Huku kale ka "we angalia tu" kametulia kimya pembeni, nikajua kamekwama, nikasema sikagusi.

Kumbe kameandika repeat 1000 times, output "Mwalimu njaa", end. Kakaiendesha, kakaingia kwenye matokeo, kakabonyeza isome yote, kakachomoa hedifoni ili isikike kwenye spika darasa zima.

Mwalimu njaa. Mwalimu njaa. Mwalimu njaa. Kwa Kiswahili safi kabisa maana nilishaweka ile sauti. Mwalimu mkuu akapita dirishani akasimama. Mi nabonyeza vitufe vyote navyovijua, kisoma skrini kiko kwenye mia na kitu, darasa linaimba nacho. Mwisho nikachomoa waya wa umeme ukutani na kazi ya wenzao wawili kwenye ekstensheni ileile ikapotea, nimenuniwa hadi leo.

Kaka Sauti swali moja tu, ile kitu inanyamazishwaje??

Sauti ya Kibodi

Control. Kitufe cha mwisho chini kushoto, mara moja tu.

Ila ungeiacha ifike elfu.

Mwalimu wa Pasua

Na uji ulikuwepo jikoni siku hiyo, ungeuliza.